Mstari wa Simu na Bando Usifutwe

(Maneno ya mwana-Michenga, mhasibu anayeishi Dar es Salaam, aliyoyatoa kwenye mkutano wetu wa mwaka.)

Nimepewa dakika kumi na tano. Kwa kuwa mimi ni mhasibu, sitazidisha.

Bajeti ya chumba cha mafundi wetu wa nguo mmeshaiona kwenye kijitabu hiki. Cherehani, ovaloki, meza ya kukatia, pasi, kuvuta umeme: hakuna aliyebisha. Kelele zilitokea kwenye mstari wa mwisho, ule ulioandikwa "simu janja moja na bando la mwaka mzima". Mzee wetu mmoja wa kamati alisema, tena kwa upole, kwamba fedha za wana-Michenga haziwezi kutolewa ili mabinti wakachezee simu. Kamati ikanituma niutetee mstari huo hapa mbele yenu, au niufute. Mzee wangu, nitakujibu kwa heshima zote, na nianze kwa kukiri kwamba miaka miwili iliyopita nilikuwa upande wako.

Dada yangu yupo nyumbani Michenga, na binti yake ni fundi cherehani. Anashona barazani, cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Nilimnunulia simu ili tuwe tunaongea, maana bibi yake, yaani mama yangu, alikuwa anaumwa. Kumbe yeye akafungua ukurasa Instagram na kuanza kuweka picha za magauni. Nilifurahi. Nikadhani wateja watamiminika. Wapi! Watu walibonyeza moyo, wakauliza "bei gani?", wakaambiwa bei, wakanyamaza. Na wengi walikuwa Dar, Arusha, mmoja Muscat. Nani atatoka huko aje kupimwa kiuno Michenga?

Kosa letu lilikuwa moja: tulidhani ukurasa ni duka, na kwamba fundi mwingine ni mpinzani wa kukwepwa. Binti ndiye aliyegundua mapema kuliko mimi mwenye shahada. Wakati huo mishono ya koseti ilikuwa imepamba moto, kila bibi harusi anaitaka, na yeye zile waya za kusimamisha kifua zilikuwa zinamshinda, zinapinda mvaaji akikaa. Akamwandikia fundi mmoja wa Mwanza ambaye hajawahi kumwona. Hakuandika "nzuri sana dada", kama wanavyoandika mia wengine. Alipiga picha ya kazi yake mwenyewe iliyoharibika, akaituma na kuuliza: hapa nimekosea wapi, ni kitambaa au ni mkato? Siku tatu kimya. Siku ya nne ikaja video fupi, fundi wa Mwanza ameshika mkasi, anamwonyesha kwamba bitana ameikata kwa upande usiofaa na gamu stifu aliyoweka ni nyepesi.

Ndugu zangu, mimi nawaandikia vitabu vya hesabu wabunifu wa mavazi kadhaa pale mjini, na nakwambieni hivi: mtu mwenye ujuzi akiulizwa swali la kweli na mtu anayefanya kazi kweli, mara nyingi atajibu. Akisifiwa tu, hana cha kujibu.

Kutokana na lile swali moja aliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi. Wapo wa Mbeya, wa Mwanza, wa Tanga, na wa Dar wanaonunua vitambaa Kariakoo na kuwaambia wenzao bei ya siku hiyo. Hapo ndipo fedha ilipoanza kuonekana. Kuna fundi wa Dar alipata sare za kamati ya harusi, magauni ishirini na nne, na harusi ina siku kumi. Hawezi peke yake. Akauliza kundini nani ana nafasi. Binti yetu akasema yupo. Vitambaa vikapanda basi hadi Ifakara pamoja na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, magauni sita yakashonwa barazani Michenga, yakarudi kwa basi. Wanawake wale walicheza harusi mjini, sidhani hata mmoja alijua gauni lake limevuka Ruaha mara mbili.

Nilipoenda nyumbani nikamwomba daftari lake. Kuanzia Januari hadi Juni alishona nguo 41. Majirani walileta 9. Waliomjia moja kwa moja kwa kuona picha ni 9 vilevile. Zilizobaki 23 zililetwa na mafundi wenzake. Ni daftari la mtu mmoja, si utafiti, lakini nimekagua vitabu vya kampuni kubwa visivyosema ukweli kama daftari lile la kurasa 80.

Sasa niseme na lile baya, maana mzee wangu ataliuliza nisipolisema. Mtu mmoja alimwandikia akijiita mbunifu, picha zake nzuri, maneno matamu. Akaagiza mashati kumi na mawili, akasema kitambaa anunue kwanza, atarudishiwa. Binti akakopa. Mzigo ukapanda basi, ukachukuliwa, na namba yake ikafungiwa papo hapo. Alilia siku mbili. Mimi nikampigia simu nikamwambia afute ukurasa, arudi kushona sare za shule. Akanijibu, "Mama mdogo, ukiibiwa sokoni unaacha kwenda sokoni?" Sikuwa na jibu.

Tulichofanya ni kukaa na kuweka utaratibu, na ndio huo nataka chumba chetu kiufuate. Kazi ya mtu mgeni haianzi bila nusu ya fedha kuingia. Makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe, hata kama mmeongea kwa sauti: nguo ngapi, siku gani, nauli ya mzigo ni ya nani. Na kabla ya kumkubali mgeni, uliza kundini kama wapo wawili waliowahi kufanya naye kazi. Mtapeli yule angeulizwa hivyo, angejulikana asubuhi hiyohiyo, kwa sababu baadaye tuligundua alikuwa ameshamliza fundi wa Mbeya. Yaani hasara ile ilitupata kwa sababu hatukuwa tumewauliza wenzetu.

Kuna na suala la kuibiana mishono. Picha ya gauni lake iliwahi kuonekana kwenye ukurasa wa mtu mwingine, uso wa mvaaji umekatwa. Hilo si jipya, na dawa yake si mpya. Akina mama mliovaa kanga leo, nyingine zimeandikwa pembeni K.H.E. Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye ndiye anayetajwa kuwa alianza kuweka maneno ya Kiswahili kwenye kanga miaka zaidi ya mia iliyopita. Hakungoja intaneti ajue kwamba kazi isiyo na jina ni ya kila mtu. Binti sasa anaandika jina lake juu ya picha, tena katikati ya nguo, si pembeni panapokatika. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na COSOTA ipo, lakini fundi wa barazani atafaidika zaidi na jina kwenye picha kuliko na kesi.

Wengine mtasema mafundi wakutane ana kwa ana. Ni kweli, inapowezekana. Mustafa Hassanali, ambaye kwa masomo ni daktari wa tiba, alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, na wabunifu wengi wamefahamiana pale. Lakini nauli, malazi na nguo ya kuonyesha ni fedha ambayo binti wa Michenga hana.

Nifikirieni mfano wa wachoraji. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuuza picha zake Oysterbay, pale Morogoro Stores. Mwaka 1972 akafa, kazi yake ikiwa na miaka michache tu. Ingeweza kufa naye. Haikufa kwa sababu ndugu na wanafunzi wake walikuwa wamekaa karibu naye wakiangalia mkono wake, na walipobaki wenyewe wakaendelea kukaa pamoja, huyu akiishiwa rangi anaazima kwa yule. Mwaka 1990 wakawa ushirika rasmi. Leo picha ya tingatinga inajulikana duniani kote.

Mafundi wetu hawana mahali pa kukaa hivyo. Michenga ina mafundi wachache, na wanagombania sare zilezile za shule na mavazi yaleyale ya Pasaka na Idi. Mvua ikizidi mashamba ya mpunga yakaharibika, hakuna anayeshona. Yule wa kumfundisha koseti yuko Mwanza, mwenye kazi nyingi yuko Dar, na wafumaji wa vitambaa vya pamba kwa mikono tunao hapohapo Ifakara, lakini hata hao fundi wetu alifahamiana nao kwa kuona picha kwenye simu, wakati anapita mlangoni kwao kila Jumamosi akienda sokoni! Nilicheka, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo mzee wangu, hofu yako nimeifanyia kazi namna hii. Simu itakuwa mali ya chumba, si ya mtu. Itakaa kwa mwalimu wa mafundi na itasainiwa kwenye daftari kila inapotolewa. Bando litanunuliwa kila mwezi, si la mwaka kwa mkupuo, na kila mwezi nitaletewa orodha ya kazi zilizoingia kupitia simu hiyo na zimeleta shilingi ngapi. Miezi sita ikipita bila kazi hata moja, nitaufuta mstari kwa mkono wangu mwenyewe na fedha iliyobaki itaenda kwenye nyuzi na zipu. Nimeshaongea na mweka hazina, amekubali.

Nina ombi moja la mwisho, na halihitaji fedha. Hapa ukumbini naona nguo zilizoshonwa vizuri. Kila moja ina fundi, iwe Sinza, Mbagala, Morogoro mjini au Dodoma. Mweka hazina yuko pale mlangoni na daftari mbili. Moja ni la michango, na risiti mtapewa. Daftari la pili ni la mafundi. Usiandike namba ya mtu bila ruhusa yake. Mpigie sasa hivi, mwambie kuna mabinti Michenga wanajifunza, muulize kama yuko tayari kuulizwa maswali. Akikubali, andika jina lake na kazi anayoiweza zaidi. Mimi wa kwangu nimeshamwandika, ni bingwa wa suti za kike.