Kahawa ya Kambini Huchaguliwa Dukani
Mazungumzo na waongoza watalii, wapishi wa kambi na wenye maduka, Nyashimo, Wilaya ya Busega

Somo tulilokuja nalo ni kahawa ya kunywea porini. Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini chombo cha umma kijishughulishe na kikombe cha kahawa. Sababu yetu ni kwamba mlaji wa porini yumo katika hali ya udhaifu kuliko mlaji wa mjini. Hununua pakiti asiyoweza kuinusa wala kuionja kabla ya kuilipia, kisha huifungua mahali ambapo duka la karibu liko mwendo wa saa nyingi. Akikuta ndani si kile alichokilipia, hana pa kuirudisha, na mgeni wake ameketi akingoja kikombe.

Hapa petu si nchi ya mibuni. Simiyu ni mkoa wa pamba, na watu wake wengi hufungua siku kwa uji, chai au maziwa. Hata hivyo Nyashimo imekaa mahali pa ajabu. Ukivuka Ziwa Victoria kuelekea magharibi unafika Kagera, ambako robusta hulimwa kwa wingi. Ukishika barabara ya Musoma na kuendelea kaskazini unafika Tarime, ambako hulimwa arabika. Tumezungukwa na kahawa pande mbili, lakini sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ya nchi ikiwa bado mbichi, na inayorudi kwenye rafu zetu mara nyingi ni unga uliochanganywa ndani ya vipakiti vya rangi za kuvutia. Msafiri anayekwenda kulala Serengeti kupitia Lango la Ndabaka, mbele kidogo ya Lamadi, hununua mahitaji yake ya mwisho hapa kwenu. Kwa hiyo kikombe atakachokunywa alfajiri kimekwisha kuamuliwa kwenye kaunta ya duka, kabla moto haujawashwa.

Tuanze na pakiti yenyewe. Mbele ya pakiti ni mahali pa muuzaji; nyuma ni mahali pa mlaji. Igeuzeni. Mtafute jina na anwani ya mtengenezaji, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo na alama ya ubora ya TBS. Baada ya hapo mwende kwenye orodha ya viambato, maana hiyo ndiyo yenye ukweli mwingi kuliko picha ya kikombe kinachofuka mvuke. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito wake, kizito kikitangulia. Pakiti iliyoandikwa kahawa upande wa mbele, nayo nyuma yake inaanza na sukari, ikafuata krimu isiyo ya maziwa, na kahawa ikawa ya tatu, ni pakiti ya sukari iliyotiwa kahawa. Haivunji sheria kwa kuwa hivyo, maadamu imeandikwa. Ila mnunuzi ajue ananunua nini.

Neno jingine la kuangalia ni chikori, mzizi wa mmea unaokaangwa na kusagwa ukafanana sana na kahawa. Ulaya umetumika tangu zamani kuongezea au kubadili kahawa, na wapo wanaoupenda kwa ladha yake. Mradi umeandikwa kwenye orodha, hatuna ugomvi nao. Nyumbani mnaweza kupata dalili kwa kunyunyiza kijiko cha unga juu ya maji baridi kwenye bilauri. Unga wa kahawa iliyokaangwa huelea kwa muda kwa sababu ya mafuta yake na hutoa rangi polepole, lakini chikori huzama upesi huku ikiacha michirizi ya kahawia. Hiyo ni dalili tu. Hukumu hutolewa na maabara.

Kuna pakiti zenye tundu dogo lililofunikwa kwa kifuniko cha plastiki, na tumesikia wanunuzi wakizikataa kwa kudhani zimetoboka. Hilo tundu ni vali. Buni zilizokaangwa huendelea kutoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa, na vali huiruhusu itoke bila kuingiza hewa ya nje. Msizikatae kwa sababu hiyo. Pakiti za kukataa ni zile zilizoshonwa upya kwa pini, zilizofungwa kwa mshumaa, au mafungu ya unga yasiyo na lebo yoyote. Wenye maduka, hapa tunasema nanyi waziwazi: mnapofungua kopo kubwa na kugawa unga katika vifuko vidogo, mnamnyang'anya mlaji jina la mtengenezaji, tarehe na uzito kwa mara moja, na lawama yote ya kitakachotokea mnaibeba ninyi.

Sasa tuje kwenye bei, maana wengi hudhani kipakiti kidogo ndicho rahisi. Linganisheni kwa kikombe badala ya kulinganisha pakiti kwa pakiti. Chukulieni watu wanne, siku tatu, vikombe viwili kwa siku. Hivyo ni vikombe 24. Kahawa ya unga ya kuchemsha huhitaji takriban gramu 10 kwa kikombe, yaani vijiko viwili vya chakula, hivyo gramu 240. Pakiti moja ya gramu 250 inatosha safari nzima. Kahawa ya kuyeyuka, kama ile inayotengenezwa na kiwanda cha Tanica kule Bukoba, huhitaji karibu gramu 2 kwa kikombe, hivyo kikopo cha gramu 50 kinamaliza kazi. Vipakiti vilivyochanganywa sukari na krimu, tukichukulia kila kimoja kina gramu 18, vitafika gramu 432, uzito ambao mpagazi ataubeba na ambao sehemu yake kubwa ni sukari mliyonayo tayari kwenye kapu. Fanyeni hesabu hiyo kwa bei za duka lenu, na jibu mara nyingi litawashangaza.

Kati ya kahawa ya unga na ya kuyeyuka, ipi bora kwa kambi? Kwa ladha tunaiweka mbele ya kusaga, na iliyo bora zaidi ni buni nzima zilizokaangwa, zikatwangwa kambini. Kinu kidogo kinatosha. Punje zikivunjika chenga, zisiwe vumbi, mashapo yatatulia upesi. Kahawa iliyokwisha sagwa hupoteza harufu haraka inapokutana na hewa, joto na unyevu, kwa hiyo pakiti ikishafunguliwa ikunjwe mdomo, ifungwe, ihifadhiwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jua la kioo cha gari. Hata hivyo hatuidharau ile ya kuyeyuka. Kwa mtu atakayefika kambini usiku, amechoka, mvua inanyesha na mafuta ni machache, ndiyo kahawa ya busara. Ila msichote kwa kijiko chenye maji, maana unga wake hunyonya unyevu na kugeuka donge kabla ya siku ya pili.

Vilevile hatukubaliani na wanaosema robusta ni kahawa duni. Ina uchungu zaidi na kafeini nyingi zaidi kuliko arabika, nayo hustahimili maziwa na tangawizi bila kupotea. Arabika ina harufu nzuri na ukali mwepesi unaopendwa na mnywaji wa kahawa isiyo na maziwa. Muulizeni mgeni anakunywaje, ndipo mnunue. Na ndugu zetu Wahaya walikwisha kutatua tatizo hili la safari zamani, kwa kuchemsha buni pamoja na majani yenye harufu, kuzikausha na kuzitafuna. Kahawa hiyo haihitaji moto, sufuria wala kikombe. Ukimpa mgeni punje mbili ukamweleza asili yake, umempa jambo la kusimulia kwao.

Kuhusu kupika, msihangaike kununua mitambo ya kigeni. Wauza kahawa wa pwani wameandaa kahawa chungu katika mdila juu ya makaa kwa vizazi vingi, bila karatasi ya kuchujia, na njia yao ndiyo inayofaa kambi. Chemsheni maji yakolee mchemko, epueni, tieni unga, korogeni mara moja, funikeni kwa dakika nne au tano, kisha mimineni polepole mkiacha mashapo chini. Kuiacha kahawa ichemke muda mrefu huivuta uchungu wote na kuifukuza harufu.

Wanaokwenda milimani wazingatie jambo moja ambalo halimo kwenye maelekezo ya pakiti. Kadiri unavyopanda, maji huchemka katika joto dogo zaidi. Hapa ufukweni mwa ziwa, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 96 za Selsiasi, joto linaloifaa kahawa vizuri. Katika kituo cha Horombo cha Mlima Kilimanjaro, penye mita 3,720, huchemka karibu nyuzi 88, na Kibo, karibu mita 4,700, ni nyuzi 85 hivi. Huko kahawa hutoka nyepesi hata kama pakiti ni njema. Dawa yake ni kusaga laini kidogo, kuongeza unga na kuifunika kwa muda mrefu zaidi. Kuongeza moto hakusaidii, kwani maji yanayochemka hayapandi joto tena. Mnateketeza mafuta bure.

Waongoza watalii wanaoondoka alfajiri hujaza kahawa kwenye chupa ya chai. Ichujeni kwanza. Kahawa inayokaa na mashapo yake katika joto kwa saa tatu huwa chungu kama shubiri, na mgeni atailaumu nchi nzima.

Maji ya ziwa na ya mito yachemshwe kwa mchemko kamili kwa angalau dakika moja, na juu ya mita 2,000 kwa dakika tatu, kabla hayajaitwa maji ya kahawa. Kwa mkoa huu tunaongeza onyo ambalo hatutachoka kulirudia. Msibebe maji katika chupa au madumu yaliyowahi kuwa na viuatilifu vya pamba. Dumu hilo hata likioshwa mara kumi kwa sabuni si chombo cha chakula tena, na kuchemsha maji hakuondoi sumu ya aina hiyo. Anayewauzia dumu tupu bila kujua lilibeba nini, msinunue kwake.

Tunafika kwenye jambo zito kuliko yote tuliyosema. Ukingo wa Ngorongoro na miteremko ya Kilimanjaro ina usiku wa baridi kali, na hamu ya kuingiza jiko la mkaa hemani, kwanza kwa kahawa, kisha kwa joto, ni kubwa. Mkaa unaowaka, hata uliobaki makaa mekundu bila moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, akalala asiamke. Jiko la gesi nalo linaweza kuitoa katika hema lililofungwa, mbali na hatari ya kuunguza turubai. Kahawa ipikwe nje, au chini ya paa lililo wazi pande zote. Mpishi anayeambiwa na mgeni aingize jiko ndani ana haki ya kukataa, na mwajiri wake amuunge mkono. Anayeonyesha dalili hizo atolewe kwenye hewa safi mara moja na kupelekwa kwa mganga.

Mnunuapo mtungi mdogo wa gesi, hakikisheni lakiri haijafunguliwa na dai upimwe mbele yenu. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye mtungi wenyewe. Toeni huo, kinachobaki ndicho mlichokilipia.

Na pakiti ikiwa imewadanganya? Tunzeni risiti, na tunzeni pakiti pia, maana bila namba ya toleo malalamiko huwa kama kumtafuta mtu asiye na jina. Anzeni kwa muuzaji. Akikataa, suala la ubora na usalama wa chakula lipelekwe TBS, ambao wana ofisi ya kanda Mwanza. Uzito pungufu upelekwe Wakala wa Vipimo. Na maelezo ya kupotosha yapelekwe Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003. Mwongoza watalii asione haya kulalamika kwa sababu ya pakiti moja. Toleo moja la kiwanda huwa na maelfu ya pakiti, na iliyowafikia ninyi haikutengenezwa peke yake.

Mezani hapa tumeweka pakiti tatu zilizofunikwa majina yake kwa karatasi, pamoja na mizani na bilauri za maji baridi. Tunaomba kila kikundi kisome upande wa nyuma, kipime, kisha kituambie ipi wangeibeba Serengeti na kwa nini. Maswali tutayapokea hapo hapo.