Mikwaruzo ya Boneti

Leo tunawaletea habari ya nyumbani kwetu Kathiani. Inatuaibisha kidogo, lakini tumeona si vema kuificha.

Tunalo gari dogo jeusi, la zamani. Jumamosi moja tulipanda matatu kwenda Machakos, tukaliacha uani. Kijana wetu wa miaka tisa akaona vizuri aliandae liende kanisani kesho yake likiwa safi. Nanyi mnalijua vumbi letu jekundu! Kitambaa kikamshinda, akaingia jikoni akachukua ule uzi wa chuma wa kusugulia sufuria. Akasugua boneti yote, na mlango wa dereva pia.

Tuliporudi tulimkuta amesimama kando ya ndoo, anatabasamu. Tukamfokea mbele ya majirani, tukamwita mjinga. Hakulia. Aliirudisha ndoo jikoni, na kwa siku nne hakutusemesha ila alipoulizwa. Chakula alikula, sala ya jioni alihudhuria, lakini macho yake aliyaweka chini.

Fundi wa rangi aliyeliona gari alitaja bei ya kupaka upya, ikapita uwezo wetu. Lakini alikuwa mtu mwema, akatufundisha. Alisema juu ya rangi nyeusi kuna tabaka lingine lisilo na rangi, kama vanishi juu ya meza, nalo ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo uko katika tabaka hilo, na kwa kawaida utatoka kwa kusugua na dawa. Ukucha ukikwama, huenda umeshuka mno, usiufukuze, utatoboa.

Tulidhani dawa hiyo huujaza mkwaruzo, kumbe sivyo. Dawa ina chembe ngumu, laini kuliko unga, zinazokwangua uso wote wa pembeni mpaka ushuke ulingane na shimo. Mkwaruzo haupandi, uso wa juu ndio unaoshuka. Maneno hayo yalituchoma njia nzima ya kurudi nyumbani, na kila msikilizaji aliye mzazi ataelewa kwa nini.

Jioni hiyo tulimwita kijana, tukamwambia, "Tulikukosea. Ulitaka kutusaidia, nasi tukakuaibisha mbele za watu. Utusamehe." Alitazama mlango kitambo. Kisha akauliza, "Gari litapona?" Tukamjibu kwamba hatujui, ila tunamhitaji yeye.

Tukaanza Jumamosi asubuhi chini ya mwembe, maana juani dawa hukauka kabla haijafanya kazi. Maji tuliyatoa katika tangi la mvua. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yakikauka huacha madoa meupe. Kwanza tulimwaga maji mengi bila kugusa kitu, vumbi likateremka lenyewe. Halafu ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi juu ya gari. Hapo tulijifunza jambo la kutunyamazisha. Gari lilipong'aa juani, tuliona mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui hata kwenye paa, ambako mtoto hakufika. Hiyo ilikuwa yetu sisi, ya miaka yote tuliyopangusa vumbi kwa kitambaa kikavu!

Tulijaribu dawa kwanza mahali padogo chini ya mlango. Kitambaa hakikutoka cheusi, maana yake tabaka la juu lingalipo. Kisha sehemu kwa sehemu, kila moja si kubwa kuliko sinia, dawa kali kwanza, kupangusa, halafu dawa laini, na mwisho nta. Kwenye kingo tulipita kwa wepesi, kwa kuwa huko rangi ni nyembamba. Hatukuwa na mashine, ni mikono tu. Boneti peke yake ilitumaliza mpaka saa nane mchana, na mabega yaliuma hadi Jumanne. Kijana ndiye aliyeshika kazi ya kugeuza vitambaa, upande safi kila mara, na alitukemea tulipookota kimoja kilichoanguka mchangani. Tulikubali kukemewa.

Mikwaruzo mingi ilitoka. Kuna mitatu karibu na taa ya kushoto ambayo ukucha hukwama. Hiyo tumeiacha. Mgeni mmoja alipouliza, kijana alijibu bila kuinamisha kichwa, "Hiyo ni yangu. Ile ya kwenye paa ilikuwa ya baba na mama."

Jumamosi iliyopita alituita tutoke nje. Alikuwa amekwisha kumwaga maji ya kwanza juu ya gari zima, amepanga ndoo mbili na vitambaa vitatu, naye ameketi juu ya jiwe, akitungoja.