Ozzy au Dio?

Wazee wetu waligombania Franco na Tabu Ley. Huko Uingereza na Marekani, wapenzi wa rock nzito wanagombania Ozzy Osbourne na Ronnie James Dio. Wote wawili waliimba katika Black Sabbath, kikundi cha Birmingham kilichoanza 1968. Ozzy alifukuzwa 1979, Dio akachukua nafasi yake. Wengine husema Dio alikuwa na sauti zaidi (hata mimi naona hivyo). Wengine hujibu kwamba bila Ozzy jina lile ni tupu.

Sisi tukisikia gitaa lile zito, tunahukumu upesi: ni shetani. Lakini uzito ule una historia ya kiwandani. Mpiga gitaa Tony Iommi, akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize, sauti ikashuka chini. Nyimbo zao nyingine singeziweka nyumbani mwangu. Lakini 1971 walitoa wimbo mmoja unaowajibu wanaomdhihaki Mungu.

Basi mzazi, kabla hujachoma tisheti ya kijana wako, keti naye umuulize: wewe uko upande wa Ozzy au wa Dio, na kwa nini?