Karatasi ya biashara: jina la nani?

Bandugu na bamama wa Ndosho, tulirudi, tukafungua tena butike zetu. Lakini tukichanga makuta watu watano, kisha karatasi inaandikwa jina la mutu moja, sheria inaona ule moja tu: faida yake, deni yake, mpaka nyumba yake.

Sheria ya OHADA, yenye inatumika Kongo tangu 2012, inatupatia njia, zikiwemo hizi tatu. Mwenye kauza kadogo peke yake: "entreprenant", daftari ya kila siku inatosha. SARL inatenga mali ya nyumba na deni ya kazi, lakini inaomba hesabu kamili kila mwaka. Koperative ndogo inaanza na watu watano.

Mbele ya kwenda Guichet Unique, tuulizane: deni ikija, nani atalipa?