Mpira wa Mwepu na Sikio la Malko

Somo: Yohana 18:1-27; Luka 22:47-51; Matendo 2



Ukiuliza wapenzi wa mpira hapa Lubumbashi, toka Kamalondo mpaka Katuba, ni tendo gani moja la uwanjani wangependa kulifuta, kijana atakutajia penalti iliyokoswa juzi. Mzee atanyamaza kwanza. Kisha atasema: ule mpira wa Mwepu.

Sisi wenye miaka arobaini na kitu hatukuwa tumezaliwa. Tumeuona kwenye televizyo, na sasa kwenye simu. Ni tarehe 22 Juni 1974, mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani, Kombe la Dunia. Zaire inacheza na Brazil. Mchezo unakaribia mwisho, Wabrazili wamepata mpira wa adhabu mbele ya goli letu, na wapigaji wao wakubwa wamesimama karibu nao, Rivelino akiwa mmoja wao. Filimbi inalia. Mara Mwepu Ilunga, beki wa kuume, mtu wa ekipe yetu ya Mazembe, anatoka mbio katika ukuta na kuupiga ule mpira mbali kabisa, kabla Mbrazili yeyote hajaugusa. Mwamuzi anamwonyesha karta ya manjano. Wabrazili wanashangaa.

Dunia ikacheka. Ilisemwa kwamba Waafrika hawa wamefika kwenye Kombe la Dunia bila kujua sheria za mchezo. Mpaka leo picha ile inaonyeshwa watu wakitaka kuchekeshwa.

Sasa tufikiri kidogo. Watu hawa walikuwa mabingwa wa Afrika. Mwezi wa Machi mwaka uleule, kule Cairo, waliwashinda jirani zetu wa Zambia katika fainali iliyochezwa mara mbili: ya kwanza 2-2, ya pili 2-0. Magoli yote manne alifunga Ndaye Mulamba, na katika mashindano yale alifunga magoli tisa, hesabu ambayo hakuna aliyeivuka katika Kombe moja la Afrika. Walikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Watu wa namna hiyo hawajui mpira wa adhabu ni nini?

Walijua. Mwepu mwenyewe alisema hivyo miaka mingi baadaye, alipoulizwa na waandishi wa habari. Kule Ujerumani feza walizoahidiwa wachezaji hazikuwafikia. Walipigwa na Scotland 2-0, kisha na Yugoslavia 9-0. Baada ya aibu ile, Mwepu alisimulia, walinzi wa Rais Mobutu walikuja hotelini, wakawafungia waandishi nje, na kuwaambia wachezaji kwamba Brazil ikiwafunga magoli manne, hakuna atakayerudi nyumbani. Na Brazil ilihitaji ushindi wa magoli matatu ili kuipita Scotland. Walipata matatu kamili, 3-0. Mwepu alisema tena kwamba alikuwa na hasira: kwa nini aumizwe uwanjani wakati watakaokula feza wamekaa kwenye viti wakitazama? Alitaka mwamuzi amtoe.

Katika mji huu wa shaba kuna baba wengi wanaojua mwezi unaoisha bila mshahara, na mwingine unaofuata. Hao hawahitaji kufafanuliwa sana. Woga na hasira vikikutana ndani ya mtu mmoja, mguu unaweza kwenda mahali ambapo kichwa kinajua haupashwi kwenda.

Biblia inatuonyesha mtu mwingine aliyefanya hivyo. Usiku, katika bustani, askari wamekuja na mienge na silaha. Petro amekaa na Bwana miaka, amesikia mafundisho yote juu ya kumpenda adui. Sheria anaijua. Lakini anachomoa upanga na kukata sikio la kuume la Malko, mtumishi wa kuhani mkuu. Tendo lile halikusaidia kitu. Halikumzuia hata askari mmoja. Na lilimfuata usiku uleule: Petro akiota moto katika ua wa kuhani mkuu, anayemtambua ni ndugu wa yule aliyekatwa sikio. Yohana ameandika jambo hilo katika mstari wa 26, na wengi wetu tunalipita haraka tukikimbilia jogoo.

Luka anaongeza kitu kidogo. Yesu aligusa sikio la yule mtu na kumponya. Wapendwa, televizyo inaweza kurudisha mpira wa Mwepu mara elfu, na mara elfu mpira utatoka uleule. Yesu hakurudisha nyuma usiku ule. Alienda mbele, akiwa karibu kufungwa kamba, akanyoosha mkono kutengeneza alichoharibu mwanafunzi wake. Na yule mwanafunzi, siku ya Pentekoste, ndiye aliyesimama mbele ya makutano huko Yerusalemu, mji uleule wa bustani na wa upanga, na watu kama elfu tatu wakaongezwa siku ile. Sisi tunaojiita Wapentekoste, mhubiri wetu wa kwanza ni mtu wa upanga usiofaa.

Lakini kama tungepewa ruhusa ya kubadilisha tendo moja la mwaka ule, sisi hatungechagua mpira wa Brazil. Tungerudi siku nne nyuma, tarehe 18 Juni, mchezo na Yugoslavia. Mchezo ungali mapema, kukatokea zogo la kubishia goli, na Mwepu akampiga mwamuzi teke. Mwamuzi, mtu wa Kolombia, aligeuka na kutoa karta nyekundu kwa Ndaye Mulamba. Ndaye hakuwa amefanya kitu. Alilia. Alisimulia baadaye kwamba hata Mwepu alimwambia mwamuzi: ni mimi, si huyu. Hakusikilizwa. Ndaye akatoka, yule mfungaji wa magoli tisa, na ekipe ikabaki watu kumi.

Mhubiri mwenye haraka angesema hapo hapo: huyu ni mfano wa Yesu! Tusikimbie. Ndaye hakuchagua, alionewa tu, na kosa la mwamuzi halikumwokoa mtu. Katika bustani mambo ni mengine. Yesu ndiye anayewatokea askari mbele, anauliza wanamtafuta nani, anasema ni yeye, na kuwaomba wawaache wale wengine waende zao. Petro mwenye upanga ni mmoja wa wale walioachwa waende.

Na mbona tunazungumza mpira katika karatasi ya mahubiri? Kwa sababu ya makanisa yetu. Mwepu aliishi karibu miaka 41 baada ya siku ile. Alipofariki mwaka 2015, habari zilizozunguka dunia zilimtaja kwa teke lile, kama vile hakucheza siku nyingine. Na katika makanisa yetu kuna mama ambaye jina lake limekuwa "yule aliyepiga kelele kwenye kikao". Kuna kijana wa kwaya ambaye kila mtu anamtaja kwa mimba ya miaka sita iliyopita, hata wakati ameoa yule binti na wanalea watoto watatu. Kuna shemasi aliyekosea hesabu mara moja, akarudisha kila franki, na bado kikapu cha sadaka kikipita karibu naye watu wanaangaliana.

Jumapili hii, kabla ya kukaribia meza ya Bwana, wazee wa kanisa wataacha nafasi ya kutosha. Kama kuna ndugu ao dada unayemwita kwa tendo lake moja, ondoka mahali ulipokaa umwendee. Usianze kumhubiria. Muulize siku ile ilikuwa namna gani kwake, nani alikuwa amesimama mlangoni, nyumbani kulikuwa unga ao hakukuwa. Kisha nyamaza, umwache aseme mpaka amalize.