KAZI YA BABA, KAZI YA MAMA, NA MAPUMZIKO NI YA NANI?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama siku ya kugawa hesabu)



Leo tunazungumza juu ya uchovu. Tusicheke. Uchovu ni jambo la uchumi, kama nyavu na mafuta.

Baba akienda dago ana taabu zake, wala hatuzidharau. Kusi inavuma, chombo si chake, mafuta ya mkopo, na samaki hana ahadi na mtu. Akirudi mtupu, moyo unamuuma kwa kuwa nyumba nzima inamtazama yeye. Lakini akishapandisha ngalawa na kuanika nyavu, basi. Anakaa barazani, na hakuna wa kumuuliza.

Mama je? Alfajiri keshateka maji. Siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, naye yuko mwambani juani anachokoa pweza. Maji yakijaa anarudi kwenye kuni, chakula, watoto na mgonjwa. Usiku anasuka ukili. Maji mafu yakifika, mwamba unapumzika. Jiko halina maji mafu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1967, katika Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita watu wote nchini, akawalaumu wanaume wa huko kwa kupumzika mno.

Tutazame hapo Shungimbili. Tangu 2007 ni eneo tengefu, na tangu 2016 pana hoteli. Mwenye ajira analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mama akijifungua hupata likizo ya malipo siku 84, au 100 akizaa mapacha, baba siku 3. Sasa jamani, mchokoa pweza ataomba likizo kwa nani? Bahari haina ofisi. Wa kumpa ni sisi wenyewe.

Mtu asidhani tunataka mama auache mwamba. Akina mama wanasema wazi kuwa wanaupenda: fedha ya pweza ni yake mkononi, ananunua madaftari ya watoto bila kuomba. Kinachomchosha ni kazi isiyo na mwisho.

Basi tunapendekeza:

1. Siku za bamvua, baba au kijana aliye nyumbani ateke maji na kuinjika chungu.

2. Pweza wa mama aandikwe kwa jina la mama, na malipo apokee yeye.

3. Aliyejifungua asiitwe kazi za ushirika kwa siku 84, na fungu lake lisikatwe.

4. Mikutano isiwekwe saa za maji kupwa.

Ijumaa ijayo, baada ya sala, tutanyoosha mikono. Asiyekubali aje aseme mkutanoni, asiende kusemea barazani.