Picha ya Nairobi Mbele ya Macho Yetu

(Maneno ya hotuba kwa wenyeji wa Zombe, Kitui)



Nataka kusema nanyi habari za picha ya sinema iitwayo "Nairobi Half Life". Picha hiyo ilitolewa mwaka 2012, nayo iliongozwa na Mkenya, Bwana David "Tosh" Gitonga, kwa msaada wa Bwana Tom Tykwer wa Ujerumani. Ndiyo picha ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka Marekani kushindania tuzo za Oscar.

Zamani picha nyingi zilizoletwa vijijini zilikuwa za kutufunza. Kati ya 1935 na 1937 Wazungu walitengeneza picha za namna hiyo huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Mtazamaji alikuwa mwanafunzi, akae kimya asikilize. Lakini mtu atazamapo picha ya mji aujuao, yeye huwa shahidi. Huzitambua matatu, huisikia Sheng ya mitaani, na aweza kusema, "Hapa ni kweli," au, "Hapa sivyo."

Habari yenyewe ni hii. Kijana Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, atoka kijijini akitamani kuwa mwigizaji. Siku ile ile afikapo Nairobi aporwa mali, kisha atiwa korokoroni. Humo akutana na Oti, mkuu wa genge la wezi, naye ndiye ampokeaye. Tangu hapo Mwas aishi nusu mbili: nusu jukwaani pamoja na waigizaji, nusu gizani pamoja na wezi.

Basi, jambo hili latuhusu sana, kwa maana vijana wetu wengi huenda huko huko. Kijana huona taa za mji tu; mzee huona wezi tu. Kila mmoja ameshika nusu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli; lakini yampasa mkuu naye aseme neno lenye kusikika. Mzee akisema mji wote ni uovu, kijana hatamwamini, kwa kuwa amemwona jirani aliyejenga nyumba ya mawe kwa mshahara wa Nairobi.

Kwa hiyo nawashauri, itazameni picha hii pamoja, wazazi na vijana waliokwisha kukua, kwa kuwa ina mambo makali yasiyowafaa watoto. Ikiisha, msitawanyike. Ulizaneni: kijana wetu akifika huko atapokewa na nani? Atalala wapi usiku wa kwanza? Akiibiwa, atamkimbilia nani? Mwas hakuangamizwa na tamaa ya kuigiza, maana tamaa hiyo ilikuwa njema. Alinaswa kwa sababu mkono wa kwanza ulionyoshwa kumsaidia ulikuwa mkono wa mwizi.

Tujitahidi mkono wa kwanza uwe wetu.